Hakimu Aliyegawa Daraja Nusu kwa Nusu

Nimesikia mnalalamika. Ninyi makarani wapya wa mahakama, wenye kalamu mfukoni na viatu visivyojua tope, mnasema hakimu wenu amewaita Jumamosi kwenda kupanda miti shuleni, na kwamba hiyo si kazi ya mahakama. Mmoja wenu alikuja mpaka kwangu na shikamoo ndefu ya kutafuta huruma. Nikaitikia marahaba, nikampa uji, kisha nikamkaripia mpaka uji ukapoa. Sasa nawaandikia wote kwa pamoja, mimi karani mstaafu, maana sina nafasi ya kumkaripia kila mtu peke yake. Nina mtoto mgongoni na mwingine ananivuta sketi.

Najua mtauliza, mstaafu gani huyu asiye na hata unywele mmoja mweupe? Nimestaafu mapema, basi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia mahakamani kwetu Ngara, nikakaa humo miaka ya wakimbizi, nikatoka pale mimba ya nne ilipokataa kukaa kwenye benchi la karani. Kazi naijua. Mkitaka mstaafu mwenye mkongojo mtafuteni, mimi ndiye mliyenaye.

Tuanze na sauti. Karani asiyejua kusema "Korti!" arudi kwao akafuge kuku. Mwanzoni mimi nililisema neno hilo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Watu wakaendelea kupiga soga, hakimu akaingia, na nyuma yake akaingia mbuzi wa kielelezo aliyekata kamba. Ndipo watu wakasimama, kumkimbia mbuzi. Hakimu akaniinamia akaninong'oneza, "Mama Edita, watu hawa wamemsimamia nani?" Tangu siku hiyo nikajifunza kuitoa korti tumboni, pale chini kabisa ambako mwanamke hutolea sauti ya kumwita mtoto aliye upande wa pili wa bonde.

Hakimu huyo ndiye Hakimu Lugano. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mfupi, mwenye miwani na hatua ndefu kuliko miguu yake. Aliletwa kwetu upande wa Bugarama wakati vilima vya ng'ambo ya kijito vimejaa mahema ya wakimbizi kutoka Burundi. Kihangaza, lugha ya kwetu, hakujua hata cha kusalimia, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo na masikio yake.

Na hapo muelewe jambo moja kuhusu watu wetu. Hakimu kwao hana maneno ya kawaida. Kila anachosema ni hukumu. Siku moja sokoni alimwambia bibi mmoja, "Mama, nipe ndizi zile." Bibi akaweka kikapu chini, akaunganisha mikono: "Naomba mahakama inionee huruma. Ni kosa langu la kwanza, na nina wajukuu wananitegemea." Hakimu akanitazama. Mimi nikatafsiri, neno kwa neno, na uso mkavu. Akasema, "Mwambie nataka kununua ndizi." Nikamwambia. Bibi akauliza, "Kwa hiyo nimeachiwa?"

Kwa hiyo mkitoka na hakimu nje ya mahakama, mvueni koti kwanza. Hilo ni funzo la kweli. Akibaki na shati, watu wawili katika kumi watamchukulia kama binadamu.

Sasa ingobyi. Ninyi mliokulia na gari la wagonjwa hamuijui vizuri, lakini sisi ndiyo iliyotubeba. Ni kitanda kilichofumwa kama kikapu kirefu, kinaning'inia kwenye mti mrefu, wanaume wanauweka mabegani na mgonjwa analala ndani. Kila nyumba yenye mwanamume lazima itoe mbebaji. Asiyetokea anatozwa pombe ya ndizi. Mkuu wa ingobyi yetu alikuwa Mzee Rugaju, mzee mkavu kama muwa uliokwisha kutafunwa, aliyekuwa haheshimu cheo chochote. Alikuja mahakamani, akasimama mlangoni, akaniambia kwa Kihangaza, "Muulize huyo bwana wako. Nyumba yake ina mwanamume au haina?"

Karani mzuri hapunguzi wala haongezi. Nikatafsiri. Wazee wa baraza wakaangalia dari.

Hakimu Lugano akacheka mpaka akashika meza. Kesho yake asubuhi alikuwa barabarani na suti yake, chini ya mti wa ingobyi, kumpeleka mzee mmoja mwenye kifua. Sasa jamani, mtu yule alikuwa mfupi! Mti ulipita juu ya bega lake hata haukuligusa. Akatembea ameinua mikono yote miwili kama anapokea baraka kanisani. Na jirani yake kwenye mti ule ule alikuwa nani? Filbati, yule yule ambaye hakimu alikuwa amemtoza faini majuzi kwa kulisha mbuzi mashambani mwa watu.

"Mheshimiwa, badilisha bega!" Filbati akapiga kelele.

"Bega gani?"

"Lolote ulilonalo!"

Rugaju akasimamisha msafara akampanga upya. Mpandoni wafupi hukaa mbele, mteremkoni wafupi hurudi nyuma, hivyo mgonjwa hubaki amelala sawa wala hateremki kama gunia. Mfupi ana nafasi yake, ila lazima ajue ni ipi. Mkirudi kwenu mkisahau yote, hilo lishikeni.

Baada ya pale hakimu hakukosa zamu. Alichelewa mara moja, Rugaju akamtoza kibuyu cha pombe papo hapo barabarani. Akalipa. Ila hakuketi kunywa. Alisema, "Kubeba nitabeba na yeyote. Kunywa sinywi na mtu ambaye kesho atasimama mbele yangu." Wengine walinuna. Mimi nilimwona ana akili.

Lakini msidhani nilikuwa nacheka wakati wote. Nilikuwa na hasira za kuwasha jiko. Sababu ni kijito.

Kijito kile wakati wa kiangazi unakiruka huku unatafuna muwa. Mvua zikianza kinabeba ng'ombe. Ng'ambo yake ndiko kulikuwa na kambi, na kambini ndiko kulikuwa na hospitali ya mahema, yenye daktari, wakunga na dawa. Upande wetu kulikuwa na zahanati yenye mkasi mmoja, na mlango wake ulifungwa mara nyingi kuliko ulivyofunguliwa. Kwa hiyo mwanamke wa kwetu akishikwa na uchungu mgumu, ingobyi inashuka bondeni, inafika kwenye maji, inasimama.

Edita wangu alizaliwa pale ukingoni. Mvua inanyesha, wanaume wamenipa mgongo wakiwa wameshika vitenge kama pazia, na mmoja wao anauliza kila mara, "Tayari?" kama mtu anayesubiri mahindi ya kuchoma. Sisi tulipona. Jirani yangu, msimu ule ule, mahali pale pale, hakupona, wala mtoto wake. Hapo sina mzaha.

Basi nilipokuwa na mimba ya pili nikaapa kwamba huyu hazaliwi kwenye tope. Nikaingia ofisini kwa hakimu, nikafunga mlango. "Mheshimiwa, unawabeba watu mpaka kwenye kijito, halafu unasimama na wewe unayatazama maji. Huo ni ubebaji wa namna gani?"

Akaniangalia tumbo, akaniangalia uso. "Mvua zinaanza lini?"

"Zitaanza pamoja na mimi."

"Basi tuite mkutano."

Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kambi kuomba wakimbizi waruhusiwe kushuka kijitoni. Akakaa na viongozi wa kijiji, akaongea na padri, akatafuta misumari sijui wapi. Hayo yote baada ya saa za mahakama, akiwa na shati lililolowa jasho, nanyi mnalalamikia Jumamosi moja. Na siku ya mkutano bonde likajaa, wenyeji ukingo huu, wakimbizi ukingo ule.

Kumbukeni nusu ya kesi zetu zilikuwa kati ya pande hizo mbili. Kuni, mikungu ya ndizi, mbuzi waliopotea wakakutwa kwenye sufuria. Na Kihangaza na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hakuna tusi lililopotea njiani. Wenyeji wakasema wakimbizi wajenge wao, maana wamekata miti yote. Wakimbizi wakasema wenyeji wajenge, maana mto ni wao. Fundi wao, Nestori, seremala mwenye mikono mikubwa kama majembe, akasema, "Sisi hospitali tunayo huku. Anayehitaji kuvuka ni nani?" Kelele zikapanda. Nikaona hakimu ananyooka. Nikaona kidevu kinainuka. Nikajua, Mungu wangu, anaingia mahakamani akiwa amesimama kwenye majani.

"Baada ya kusikiliza pande zote mbili," akasema, "naona ni haki kila upande ujenge nusu, kuanzia kwake mpaka katikati ya maji."

Makofi! Vigelegele! Rugaju akatikisa kichwa kwa heshima, Nestori akainama. Kesi za mipaka ya mashamba ndivyo alivyokuwa akizimaliza, na watu walirudi nyumbani wametulia. Mimi nikanyoosha mkono kuuliza kitu kuhusu hapo katikati. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia, "Mama Edita, kaa chini, hakimu amekwisha kusema."

Nikakaa. Si kwa heshima, miguu ilikuwa imevimba.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kama sherehe. Wenyeji walichimbia nguzo, wakimbizi wakachimbia nguzo. Huku wakiimba, kule wanaimba zaidi. Kila upande ulijifanya hauuoni mwingine, wakifanya kazi wamekaza shingo, kutazama ng'ambo ikawa aibu. Hakimu alikuja kila jioni kubeba mawe, na kila akiniona alisema, "Umeona, Mama Edita? Haki ikitendeka watu wanafanya kazi."

Siku ya kumaliza tukashuka wote kutazama. Padri alikuja na maji ya baraka.

Nusu yetu ilitoka kwenye njia yetu, ikafika katikati ya maji. Nusu yao ilitoka kwenye njia yao, ikafika katikati ya maji. Ila njia yetu na njia yao hazikuwa zinatazamana. Ncha mbili zile zilisimama pale kijitoni zimepishana kama watu wawili wasiosalimiana, katikati pengo la hatua ndefu ya mwanamume, na ya kwao iko juu zaidi kwa kimo cha goti.

Padri akashusha kile cha kunyunyizia.

"Mheshimiwa," Nestori akaita kutoka ng'ambo, "nusu yetu tumemaliza kama ulivyoamuru."

"Na sisi yetu tumemaliza," Rugaju akasema.

Na wote walikuwa sahihi! Hapo ndipo nilipoanza kucheka, nikashindwa kuacha, nikashikwa mikono na wanawake wakidhani uchungu umeanza. Hakimu akaomba upande mmoja usogeze kidogo. Upande upi? Atakayesogeza ndiye aliyekosea. Kijiji kikasema hakijakosea. Kambi ikasema haijakosea. Na hakimu mwenyewe hakuthubutu kutamka nani asogeze, maana kwa watu wetu angekuwa ametia mtu hatiani mbele ya adui zake. Wiki zikapita, ncha mbili zile zikitazamana kwa pembeni, mbuzi wakipanda juu kuota jua.

Kisha mvua zikaja. Na mimi kama nilivyoahidi nikaja nazo.

Ilikuwa asubuhi, hakimu yuko kortini. Wakanilaza kwenye ingobyi, Rugaju mbele, wakashuka bondeni kwa mwendo ambao meno yangu yaligongana. Wakaingia kwenye nusu yetu, wakaenda mpaka ncha. Wakasimama. Chini maji yanavuma yakilamba magogo. Ng'ambo Nestori na wenzake wakatoka mbio kwenye nusu yao, wakanyoosha mikono, mikono ikafika hewani tu, na hakuna mbebaji awezaye kuruka pengo na mti begani.

"Turudi," mmoja akasema.

"Nani arudi?" Rugaju akamfokea. Kwetu ingobyi iliyobeba mtu aliye hai haigeuzwi. Inayorudi nyumbani na mtu ndani imebeba maiti. Basi wakabaki pale na mimi mabegani, wakibishana juu ya kichwa changu, mvua ikiniingia mdomoni kila nilipofungua kuwatukana. Mume wangu akapiga mbio kwenda mahakamani.

Hakimu aliposikia akasimama. "Kesi zimeahirishwa. Twendeni wote kijitoni."

Alimaanisha wenye nguvu. Lakini hakimu kwa watu wetu hana maneno ya kawaida, nimeshasema. Wakaja wote. Wazee wa baraza, askari, mashahidi, walalamikaji pamoja na waliowalalamikia, mama mmoja na kuku wa kielelezo. Na nyuma kabisa akaja Filbati. Alikuwa ameitwa siku ile aambiwe tu kwamba kesi yake mpya, ya kupigana kilabuni, inapelekwa kwa hakimu mwingine, kwa sababu hakimu wetu alikataa kumhukumu mtu anayebeba naye mti mmoja wa ingobyi. Akiwa bado kizimbani, hakuna aliyemwambia atoke. Kizimba chetu kilikuwa cha mbao, kimo cha kiuno, hakina sakafu wala hakijapigiliwa. Filbati akakiinua kwa ndani na kuja nacho bondeni amekivaa kama sketi, akikimbia kwa hatua ndogo ndogo.

Nilimwona kupitia matundu ya ingobyi. Nikacheka katikati ya uchungu. Ninyi wanaume hamtajua kamwe jambo hilo linaumaje.

Hakimu akapita kwenye magogo mpaka kwetu. Akanitazama, akaitazama ncha yetu, akaitazama yao. Kidevu kikaanza kuinuka.

"Usitoe hukumu!" nikanguruma. Sauti niliitoa kule kunakotoka korti. "Thubutu!"

Akafunga mdomo. Maji yalikuwa yakimtiririka puani. Kisha akamgeukia mkuu wa ingobyi. "Mzee Rugaju, mimi sijui. Nifanye nini?"

Rugaju hakuelewa Kiswahili cha haraka. Nikatafsiri, kati ya uchungu na uchungu, maana kazi ni kazi.

Rugaju akamwangalia kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Mwambie avue koti."

Nestori akapaza sauti kutoka kule juu. "Hicho alichovaa yule, ni mbao?"

"Hiyo ni mahakama!" mzee wa baraza akajibu kwa hasira.

"Nauliza, ni mbao au si mbao?"

Wote tukamtazama hakimu. Maji yalivuma. "Ni mbao," akasema.

"Mheshimiwa," Filbati akauliza kutoka ukingoni, "naruhusiwa kutoka?"

"Toka, Filbati! Toka, mpe!"

Wakakilaza kizimba ubavu, wakakikaza kwenye pengo, kona moja kwenye gogo letu, nyingine chini ya la kwao. Hakimu na askari wakaingia majini, mkono mmoja umekumbatia nguzo, mwingine unakishikilia kwa chini; askari maji yalimfika kifuani, hakimu ametokeza kichwa tu, kama kiboko mwenye miwani. Wabebaji wakapita mmoja mmoja. Kila mtu wetu aliyekanyaga kizimba, bega la mtu wa kambi lilikuwa linamngoja upande wa juu, mti ukahama kutoka bega hadi bega wala hakuna aliyemuuliza mwenzake ni nani aliyekosea. "Bega!" "Nimeshika!" "Bega!" "Nipe!" Nikapita juu ya kichwa cha hakimu. Sikumshukuru. Nilimwambia, "Nusu kwa nusu, eti!" Naye akajibu kutoka majini, "Rufaa yako imepokelewa, Mama Edita!"

Mtoto alizaliwa ndani ya hema, kwenye kitanda, kwenye shuka kavu. Msichana. Mkunga hakuwa na haraka hata ya kukunja mikono ya gauni.

Kesho yake, jua limetoka, hakimu akaja kunitazama. Alikuwa na mafua, suruali si yake. Nje ya hema niliwaona Rugaju na Nestori wamechuchumaa wanavutana kamba moja ndefu ya kupimia daraja, wakigombana habari ya njia ipi inyooshwe, lakini kamba ilikuwa moja. Nilidhani hakimu ataanza kunihutubia. Hakuhutubia. Alimtazama mtoto akinyonya, akageuka kwa adabu, akaketi chini kwenye turubai akinipa ubavu.

"Siku ile mkutanoni ulinyoosha mkono," akasema. "Ulitaka kusema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya katikati, nikamwambia habari ya njia zisizotazamana, nikamwambia habari ya jirani yangu, jina lake, na alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia na mengine ambayo hakuuliza. Mtoto akashiba upande mmoja, nikamhamishia upande wa pili, nikaendelea.